Kipindi Tulichokizima

Mjukuu wangu amekipata. Alikuja Jumapili, mdomo umejaa keki yangu, akaisukuma simu mpaka puani kwangu. Mle kiooni alikuwemo Sid Dewhirst, mchekeshaji wa televisheni wa enzi zetu, rangi zimefifia, kofia imekaa upande, amesimama mlangoni mwa sebule ya watu anafuta viatu kwenye zulia. Anafuta. Anaangalia soli. Anafuta tena. Chini yake pameandikwa mwaka: sabini na mbili, mwezi wa Februari.

"Bibi, si huyu ndiye aliyependwa na baba yako?"

"Ndiye."

"Basi tazama."

"Zima."

Akadhani natania. Hana kosa. Mimi si mtu wa kukataa kutazama kitu. Mlango wangu wa nyuma haujui kufuli, na habari ya nani kamwacha nani hupitia jikoni kwangu kabla haijamfikia mwenyewe aliyeachwa. Nyumba isiyo na watu naiona kama jino bovu, tundu tupu tu. Lakini simu ile niliitwaa, nikailaza kifudifudi mezani, nikaweka sahani ya keki juu yake. Akauliza kwa nini. Nikamwambia avute kiti.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho katika safu ya nyumba za matofali zilizobanana mabega, chini ya mgodi wa makaa, huko Yorkshire. Gurudumu kubwa la mgodi lilipozunguka kuteremsha wanaume, vikombe kabatini kwetu vilijua, vilitetemeka kwa adabu mpaka wamefika chini. Baba yangu, Cliff Haigh, alikuwa mmoja wa walioteremka. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Mama, Enid, alisema kwa niaba yake na bado akabakiza ya kuwagawia majirani.

Jumamosi jioni ilikuwa ya Sid. Televisheni yetu ilikuwa sanduku la mbao la kutosha kuzikia mbuzi, limesimama juu ya miguu minne myembamba, na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na kioo kikubwa kuliko zote mtaani, mtaa ulihamia kwetu. Desturi ilikuwa hivi: unakuja na kiti chako na kikombe chako, unapita mlango wa nyuma, unakaa mahali pako. Kila mtu alikuwa na mahali pake kama kanisani. Bi Ada Lumb, mjane wa nyumba ya tatu, ambaye ulimi wake uliogopwa kuliko polisi, mahali pake palikuwa karibu na jiko la makaa, miguu imeelekea motoni. Mdogo wangu Neil alilala kwenye mapaja ya yeyote. Mimi nilikaa chini ya meza, maana pale ndipo ninyi nyote mnaposahau kuwa mtoto ana masikio.

Siri ya Jumamosi zile ni kwamba nusu yetu hatukumtazama Sid. Tulimtazama Baba. Kicheko chake hakikuanzia mdomoni, kilianzia mabegani. Kwanza bega moja lingeruka, kama farasi anayefukuza inzi, kisha la pili, kisha shingo ingekuwa nyekundu, na wakati Sid keshaenda kwenye mzaha mwingine kabisa ndipo Baba angepasuka, peke yake, amechelewa, na nyumba nzima ingepasuka naye. Bi Lumb alisema kumtazama Sid bila kumtazama Cliff ni sawa na kunywa chai bila maziwa.

Sid alikuwa wetu. Alizaliwa kijiji cha nyuma ya kilima, baba yake naye alikuwa mtu wa shimoni, na mchezo wake mkubwa kuliko yote ulikuwa ule wa Mgeni. Mtu mnyonge, kakoti kamembana, anaalikwa kwenye nyumba nzuri na anaambiwa aketi. Hathubutu. Kila kiti anakiona kizuri kuliko yeye. Anakizunguka, anakisalimia, anakaribia, anaghairi. Alikuwa akiurudia mchezo ule mara moja moja, na kila mara uliishia mahali pengine: safari hii amekalia ngazi, safari ile kibanda cha mbwa, mbwa akasogea kumpisha. Wiki nzima kabla yake mtaa ulikuwa unabishana dukani na kwenye foleni ya samaki: leo ataketi wapi?

Hakuna aliyeupenda Mgeni kama Baba. Na sababu yake mimi naijua, kwa kuwa nilikuwepo.

Mama alikuwa na kaka, mjomba wangu Desmond. Siku Baba alipoteremka shimoni kwa mara ya kwanza, vijana wote wawili, Desmond alikuwa kando yake kwenye lifti ile ile. Lakini Desmond alikuwa na mwandiko mzuri na sauti ya kusema ndiyo bwana. Akapanda, akapanda tena, mpaka akafika ofisi ya mgodi, juu ya ardhi, tai shingoni. Akahamia ng'ambo ya reli, kwenye nyumba mpya zenye bustani mbele. Mkewe Muriel alinunua kochi la rangi ya kahawa na hakulitoa kwenye plastiki lililokuja nayo. Krismasi moja tukaenda kuwatembelea. Tuliketi sote mapaja yakilia juu ya plastiki. Pale alipotaka Baba aketi, Muriel aliwahi kutandaza gazeti.

Baba alikuwa ameoga mara mbili siku hiyo. Nilimwona kwa macho yangu akijisugua shingo mpaka ikawa ya mtoto mchanga. Akalitazama lile gazeti, akamtazama Muriel, akasema kwa upole kuwa amekaa sana wiki hii, acha anyooshe miguu. Akasimama chakula chote cha Krismasi, sahani mkononi, bega kwenye ukuta. Tuliporudi nyumbani Mama alilia jikoni, maji yakiwa yamefunguliwa ili tusimsikie.

Basi sasa unaelewa kwa nini bega lile liliruka kila Mgeni wa Sid alipokuwa akizungukazunguka kiti.

Mwaka ule wa sabini na mbili wachimbaji wa nchi nzima waligoma. Kwenye mkutano wa chama cha wachimbaji, siku ya kuamua, ukumbi ulikaa kimya kila mtu akimsubiri mwenzake, na mkono wa kwanza kupaa ulikuwa wa Cliff Haigh asiyesema. Mtaa mzima ukainua mikono nyuma yake. Kwa hiyo mgomo ule, kwetu, ulikuwa na sura ya Baba. Mke yeyote aliyekosa cha kuwapikia watoto alipita mbele ya dirisha letu polepole, akitaka kuona kama na sisi tunapungua.

Tulipungua. Makaa ya kila mwezi tuliyopewa na mgodi yalikoma, na sisi tuliozaliwa juu ya makaa tukaenda na ndoo kuparura kilima cha uchafu wa mgodi, tukichagua vipande kama kuku. Nyumba ikawa baridi mpaka ukipumua unajiona. Neil akaanza kukohoa, kikohozi kirefu chenye filimbi ndani yake, na kila kilipoanza Mama aliacha alichokuwa akisema. Kumnyamazisha Mama kulikuwa kazi kubwa. Kikohozi kile kiliiweza.

Halafu ukaja mgao wa umeme. Mitambo iliishiwa makaa, na serikali ikaigawa nchi vipande vipande, gazeti likitangaza nani anazimiwa saa ngapi. Mpaka wetu ulikuwa reli. Sisi tukiwa gizani, ng'ambo inang'aa. Ng'ambo ikizimika, sisi tunawaka. Wanawake walilalamika, na Baba, ambaye kwa wiki nzima hakuwa ametoa sentensi kamili, akasema moja:

"Msilitukane hili giza. Ni letu. Tumelifanya kwa mikono yetu."

Bi Lumb akamjibu kwamba basi mara nyingine afanye lenye joto.

Jumamosi ya Mgeni ikakaribia. Magazeti yalikuwa yametangaza tangu Krismasi: Sid anarudi na Mgeni, saa nzima, kwa rangi. Mama akafungua ukurasa wa mgao, akapitisha kidole, na kidole kikasimama. Saa ile ile ya Sid, upande wetu ulikuwa unazimwa.

Jumatano yake Mjomba Desmond akaja. Aliegemea kabati la vyombo na koti lake jipya, akakataa chai, akakisikiliza kikohozi cha Neil mpaka kikaisha. Kisha akasema aliyokuja kuyasema. Jumamosi upande wake una umeme. Atakuja na gari amchukue Enid na watoto, wakamtazame Sid kwenye televisheni ya rangi, walale huko, na wasirudi. Wakae kwenye joto mpaka huu upuuzi uishe.

"Na wewe, shemeji, njoo," akamwambia Baba. "Sitasema neno kwa mtu."

Kule kwetu mtu akisema hatasema neno, ujue nusu yake keshalisema. Sote mle jikoni, hata mimi chini ya meza, tulijua mambo yatakavyokwenda. Mke wa Cliff Haigh akivuka reli na mkoba, Jumapili kanisani kutakuwa hakuna habari nyingine. Jumatatu ofisi ya mgodi itakuwa inacheka. Na wale wanawake waliokuwa wakipita dirishani kwetu polepole watarudi nyumbani na kuwaambia waume zao: hata Enid. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuja kimevaa koti zuri, tena, Mungu anisamehe, kwa mapenzi. Alimpenda dada yake. Aliogopa kifua cha Neil kama sisi.

Baba hakumkaripia. Alitazama mikono yake.

"Enid ana miguu yake," akasema. "Na mtoto ni wake."

Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Siku tatu nyumba yetu haikuwa na sauti ya redio wala ya Mama, na sijui kipi kilinitisha zaidi.

Jumamosi ilipoingia, niliukuta mkoba kitandani. Nguo za kulalia za Neil zilikuwa ndani, na zangu, na kitana cha Mama. Akatuvalisha makoti, akavaa lake, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Neil alikuwa anachemka kama birika. Baba alikuwa kwenye kiti chake mbele ya televisheni, na hakugeuka kutazama nani anafunga vifungo vya nani.

Umeme ukakatika. Mtaa wetu ulizimika kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno. Mama akawasha mshumaa. Nilipanda kwenye kiti nikachungulia dirishani: ng'ambo ya reli madirisha yote yalikuwa ya manjano, yamejipanga kama mahindi kwenye gunzi. Mojawapo lilikuwa la Mjomba. Nitakuambia ukweli, nililitamani. Nilimtamani Sid kwa rangi. Nilitaka kujua kofia yake ni ya rangi gani.

Tukakaa na makoti yetu, tukisikiliza gari.

Kilichokuja kilikuwa mguu wa kiti ukigonga mlango wa nyuma. Bi Lumb aliingia na kiti kwapani, kikombe mfukoni, na mkononi taa ya baiskeli ya marehemu mumewe. Akatumulika mmoja mmoja, sisi na makoti yetu, kisha akaumulika mkoba. Taa ikatua pale kidogo.

"Kuna nini hapa," akasema, "mazishi?"

"Hakuna umeme, Ada," Mama akamwambia.

"Nimeuliza umeme? Leo si Jumamosi?"

Akaweka kiti mahali pake. Nyuma yake wakaingia wa nyumba ya pili, viti vichwani kwa sababu ya utelezi. Kisha wa pembeni. Kisha wazee wa ng'ambo ya barabara na benchi lao. Walikuja kwa mazoea, kama ng'ombe wanaojua njia, na nafikiri wengi wao walifika mlangoni ndipo wakajiuliza wanakuja kufanya nini. Lakini mtu akishabeba kiti hadi kwa jirani harudi nacho bure. Wakajipanga, kila mmoja mahali pake, mbele ya televisheni iliyokufa. Mshumaa uliwaka ndani ya kioo chake kama samaki mdogo. Watu wazima, wenye akili zao, waliketi wanatazama kioo kitupu.

Mzee mmoja akanong'ona kwamba picha leo ni nzuri, ila kuna ukungu. Wengine wakacheka puani. Mama alikuwa bado amesimama na koti lake. Kisha Bi Lumb, miguu yake imeelekea kwenye jiko lisilo na moto, akauliza lile swali la siku zote, kwa sauti ile ile ya dukani.

"Haya, Cliff. Leo ataketi wapi?"

Baba akainuka. Alichukua gazeti la jana kwenye rafu, akalikunja kwapani, akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kusema anakwenda wapi. Nikaona uso wa Mama. Aliamini kwamba ameondoka ili asilione gari likija.

Mlango wa mbele ukabishwa hodi.

Mlango wa mbele wa nyumba zile haukuwa wa watu. Ulikuwa wa maiti, maharusi na daktari. Hata tabaka la vumbi lililokuwa juu yake hatukuligusa. Mzee wa benchi akauvuta, ukalia kama punda, na pale kizingitini, na baridi yote ya Yorkshire nyuma yake, akasimama baba yangu, kofia imekaa upande. Bi Lumb akamuelekezea taa ya baiskeli. Baba akaanza kufuta viatu.

Alifuta. Akaangalia soli. Akafuta tena. Akafuta upande wa juu wa kiatu kwa nyuma ya suruali, kisha akageuka kuifuta suruali. Sote tulijua hatua zile kama sala, lakini hakuna aliyewahi kuziona kwenye mwili ule, mwili uliozoea kujikunja chini ya mwamba. Na kumbe ulizijua. Kumbe miaka yote ile alipokuwa akichelewa kucheka alikuwa akijifunza.

Aliingia kwa vidole vya miguu. Akakisalimia kiti cha kwanza, akamwomba radhi aliyekikalia. Akakaribia benchi, makalio yakashuka, yakashuka, yakabaki hewani, yakaghairi. Kivuli chake ukutani kilikuwa kikubwa kuliko mlango, na kivuli nacho kilikuwa na adabu. Watu walianza kutikisika. Kisha akafanya kitu ambacho Sid hakuwahi kukifanya. Alilitoa gazeti kwapani, akalikunjua, na akatandaza karatasi moja kwenye kiti chake mwenyewe, kiti alichokikalia miaka yote. Akaipapasa kuinyoosha. Akageuka kuketi. Akasita. Akatoa leso, akainama, akalifuta gazeti, asije akaliachia vumbi la makaa.

Nikamtazama Mama. Mkono wake ulikuwa mdomoni. Katika watu wote mle ndani, ni sisi watatu tu, Baba, Mama na mimi, tulioikumbuka Krismasi ile. Nilidhani analia tena, na huku hakuna maji ya kufungulia. Kisha bega lake moja likaruka. Likafuata la pili. Na Mama yangu, aliyecheka kila siku ya maisha yake kwa ajili ya watu wengine, akacheka kicheko cha Baba, kile kinachotoka mbali, na chumba kizima kikapasuka naye. Alicheka mpaka akashika meza. Alipopata pumzi alianza kufungua vifungo vya koti, kuanzia cha shingoni.

Hatukulisikia gari. Mjomba Desmond alikuwa tayari amesimama mlango wa nyuma, tochi mkononi, funguo zikining'inia kidoleni. Waliomwona walinyamaza, na kimya kikaenda kiti hadi kiti mpaka kikafika kwa Baba, aliyekuwa katikati ya chumba na karatasi ya gazeti mikononi.

"Enid," Mjomba akasema. "Gari limewashwa nje. Neil atakufa kwa baridi humu."

"Hebu mguse," Mama akamwambia.

Akamgusa. Neil alikuwa amelala mapajani kwa jirani, shavu jekundu, kifua kinakwenda polepole. Madirisha yalikuwa yanatoka jasho. Sote tulikuwa tumevua makoti bila kujua. Ule umati, pumzi yake na vicheko vyake, ulikuwa umewaka kama jiko, na hakuna aliyekuwa ameliona hilo mpaka mtu alipotoka nje akaingia.

Mjomba alisimama pale hajui aweke wapi tochi yake. Hakukuwa na kiti, hata cha Baba nilikuwa nimeshakikalia mimi, wala nafasi ya kiti. Bi Lumb akaisogeza kwa mguu ndoo tupu ya makaa, imepinduliwa. Na Baba, akiwa bado ni Mgeni, bado kwa vidole vya miguu, akaja mpaka kwenye ndoo. Akatandaza juu yake ile karatasi ya gazeti. Akainyoosha pembe zote nne.

"Karibu, shemeji," akasema. "Hiyo ndoo ina vumbi."

Desmond alilitazama gazeti. Nikaona linamwingia, polepole, kama baridi inavyopanda kutoka sakafuni.

"Kaa, kaka," Mama akasema, "au toka. Unaziba taa."

Akakaa.

Baba akaendelea. Alijaribu ngazi, alijaribu dirisha, alimwomba Bi Lumb ruhusa ya kukalia miguu yake. Na pale tulipokuwa hatuna tena mbavu, umeme ukarudi. Haikuwa saa yake. Sijui nani kule kwenye mitambo alivuta nini.

Taa ya dari ilitupiga machoni. Na televisheni, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima kabla ya mgao, ikaanza kupata joto. Sauti ndiyo iliyotangulia, kama ilivyokuwa kwa masanduku yale: muziki, na vicheko vya ukumbi uliojaa watu huko London. Kisha katikati ya kioo pakatokea doa, doa likapanuka, likawa mtu. Sid Dewhirst, katikati ya sebule nzuri, anazunguka kiti.

Vichwa vyote vikageuka. Usitulaumu, tulikuwa tumemsubiri tangu Krismasi.

Nami ndipo nikamwona Baba chini ya taa. Kivuli kilikuwa kimekwenda. Alibaki mtu mwembamba, shati limekwisha kola, kofia upande, ameshika vipande vya gazeti mbele ya watu. Akaivua kofia taratibu. Akaanza kulikunja gazeti.

"Haya," akasema, karibu kujiambia mwenyewe. "Mwenye kazi yake amekuja."

Akaanza kusogea pembeni atupishe tuone.

Mama alivuka chumba. Hakukimbia. Alipita mbele ya kioo, akashika kitufe, akakizungusha, na Sid akanywea, akawa doa, akapotea. Kisha akaenda ukutani akazima na taa.

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mama akageuka gizani.

"Cliff hajakaa bado," akasema.

Bi Lumb akawasha taa ya baiskeli.

Baba alisimama ndani ya ule mwanga kwa muda mrefu kuliko ambao Sid yeyote angethubutu. Alitazama chumba chote, kiti kwa kiti, uso kwa uso, kama mtu aliyeambiwa mara ya kwanza kwamba nyumba ni yake. Kila mahali pana mtu. Mahali pamoja tu palikuwa wazi. Akavaa kofia. Akaenda hadi kwenye televisheni, akaupuliza vumbi ubao wake wa juu, akaitazama karatasi ya mwisho ya gazeti iliyobaki mkononi, akaifinyanga na kuitupa begani bila kuangalia inaangukia wapi. Akageuka. Akaketi juu yake. Miguu ile minne myembamba ikalia, ikashika.

Sitajaribu kukueleza kelele zilizofuata. Ng'ambo ya reli walidhani mgomo umekwisha. Na katikati ya zile kelele, nakuapia, nilisikia ndoo ikigongagonga sakafu, kwa sababu aliyeikalia alikuwa anatikisika mabega.

Mkoba ulirudi chini ya kitanda. Kesho yake Bi Lumb akaja na ndoo yake ya vipande vya makaa, akasema mbona kila nyumba inawasha kamoto ka kuchomea kidole. Basi mtaa ukaanza kuchoma kwa zamu, nyumba moja kila jioni, moto mmoja mkubwa, na wote na viti vyao kuuzunguka. Neil alilala pale palipo na moto. Sasa ana kitambi na anakohoa tu akitaka kusikilizwa. Mwisho wa mwezi wanaume walirudi shimoni na walichokidai mikononi, wakitembea katikati ya barabara, na Baba yumo, kimya kama alivyokuwa. Hakuucheza tena Mgeni. Aliombwa kwenye harusi, aliombwa klabuni. Alisema amekwisha kaa.

Mjukuu wangu alikuwa ameacha kutafuna. Aliinamisha kichwa, akaitazama ile sahani na simu chini yake.

"Kwa hiyo mpaka leo," akasema, "hamjui Sid aliketi wapi."

"Tunajua," nikamwambia. "Aliketi juu ya televisheni."

Akafikiri. Akanyoosha mkono kwenye sahani, nikamtazama. Akachukua keki.